Jina la Aliyepima

Uyole, Mbeya
14 Februari 1977

Kwako Baba Lusia,

Pokea salamu zangu na za mtoto. Sisi wazima, chakula kipo, mvua inanyesha mpaka tumeichoka. Naandika hapa mezani kwako. Wembe wako na sabuni yako nimevisogeza kidogo tu, nikimaliza nitavirudisha vilivyokuwa.

Siku uliyoondoka sikukuaga, na sababu unaijua. Baba yako alikuwa amekwisha kaa barazani na mzigo wake, nami nikabaki nyuma ya jiko, kanga kichwani, mpaka basi liliposhuka mteremko. Nimeona moshi wake tu. Mwaka wa nne huu nimeolewa kwenu, sijamtazama baba yako usoni wala yeye hajanitazama, na akipita njiani mimi naingia kwenye mahindi. Mila ni mila, sijalalamika hata siku moja. Lakini siku ile nimelalamika, moyoni. Mke ndiye wa kumuuguza mume. Wamemchagua yeye kwa kuwa ni mzee na anajua Iringa tangu alipochuma chai Mufindi. Na alipo yeye mimi siwezi kuwapo. Basi nimebaki na jiko.

Bwana Saulo wa kwenye maziwa alikuja kuuliza hali yako. Anasema tangu uondoke kule shambani wanapima ovyo, kila mmoja na mstari wake. Nikakumbuka ulivyonifundisha: jagi likae pahali palipo sawa, jicho lishuke mpaka lilingane na maziwa, mtu asisome amesimama. Nilikuwa nakucheka, eti maziwa nayo yana adabu zake.

Niambie ni ugonjwa gani. Uliniambia tumbo. Nijibu hata mistari miwili.

Mimi mkeo,
Atuganile


Iringa, hospitalini
24 Februari 1977

Mama Lusia,

Barua imefika, ndaga, nashukuru. Nimepasuliwa tarehe kumi, uvimbe wameutoa. Ila picha ya kifua inaonyesha vingine vidogo kwenye mapafu, kama punje za mtama. Daktari anaitwa Tadeo, kijana, amesoma Ulaya akarudi. Hafichi kitu. Amenikalisha akasema, kwa ugonjwa huu mpaka juzijuzi mtu alikuwa anarudishwa kwao akangoje. Sasa ipo dawa moja, bado inajaribiwa, haijaruhusiwa kuuzwa. Walimu wake wanamtumia, chupa ndogo yenye unga kidogo chini. Inatokana na madini yanayoitwa platini, ndugu yake dhahabu ila yenyewe ni ghali zaidi. Nikamwambia, basi nikijaa hayo msinirudishe Uyole, nipelekeni benki. Daktari akacheka. Baba hakucheka.

Napata dawa mara nne, kila baada ya wiki tatu. Mara nne zote, daktari amesema, pungufu yake ni sawa na bure. Na ina ukali wake: inakula figo. Kwa hiyo unatundikiwa maji ya mshipa, unakunywa na ya kikombe, na kila unachokojoa kinapimwa kwa jagi la mistari, kinaandikwa kwenye karatasi. Saa. Kiasi. Jina la aliyepima. Mkojo ukipungua, daktari anapunguza dawa au anangoja. Halafu karatasi inakwenda kwa walimu wake, wanailinganisha na za wagonjwa wa nchi nyingine, ndipo wajue dawa inafaa kwa kiasi gani. Kila mgonjwa hapa ana mtu wake wa kumpimia. Wangu ni Baba.

Ya kwanza nimepata juzi. Nimetapika mara kumi na saba, kisha nikaacha kuhesabu. Sasa nimelala tu. Sijambo.

Usiwe na wasiwasi, ni tumbo.

Isakwisa


Uyole
6 Machi 1977

Baba Lusia,

Si tumbo, ni chini ya tumbo. Mimi mkeo. Nilijua tangu mavuno ya mwaka jana, ulipoanza kuoga peke yako na kugeuka ukutani ukivaa suruali. Ulinyamaza, nikanyamaza. Niliogopa kwamba nikiuliza utaona haya, na ukiona haya utazidi kuficha. Nimekosea, ningeuliza. Nimeolewa na mtu mzima, sikuolewa na kipande. Nimemaliza, sitalirudia.

Mama yako hajui, anadhani ni tumbo. Anauliza hayo madini yatabaki mwilini ama yatatoka. Nimemwambia yatatoka na mkojo, ndiyo maana yanapimwa. Sijui kama nimesema kweli, ila ameridhika na amekula.

Wewe kunywa maji. Kila nikitua ndoo kisimani nasema, hii ya Isakwisa. Wenzangu wananiona nimechanganyikiwa, acha waone.

Lusia anakuita kila basi likipiga honi. Ile sauti yake nyembamba ya kifaranga. Anapanda kwenye jiwe, anaita, "Baba!" Halafu anashuka, anaendelea na mchezo wake. Hasikitiki, anaona unachelewa tu.

Imebaki mara tatu. Mimi nahesabu.

Atuganile


Iringa
24 Machi 1977

Mama Lusia,

Samahani kwa mwandiko. Vidole vina ganzi. Kalamu naiona mkononi lakini siisikii. Miguu hivyohivyo, na tena imevimba. Nilikanyaga kipande cha chupa, aliyeniambia ni Baba, ameona damu sakafuni.

Masikioni nyenje wanalia mchana kutwa. Nimemuuliza Baba, anasema hakuna nyenje. Sista Juliana wa wodi yetu akisema naona midomo tu. Baba namsikia.

Ya pili nimepata tarehe kumi na tano. Ya tatu sitapata. Nimekwisha mwambia daktari. Hakugomba, alisema nifikiri. Sina cha kufikiri. Baada ya Pasaka nakuja nyumbani.

Usilie. Mimi silii. Siumwi kitu, wala sihisi kitu. Ni kama kukaa ndani ya gunia.

Isakwisa


Uyole
30 Machi 1977

Baba Lusia,

Barua yako nimeisoma, nikaenda kupalilia, nikarudi nikaisoma tena. Haikubadilika.

Usije. Nisamehe kwa neno hilo. Nikisikia honi ya basi moyo unaruka, lakini usije. Mara mbili si nne. Umesema mwenyewe pungufu yake ni sawa na bure.

Mwambie baba yako arudi, nije mimi. Lusia nitamwacha kwa mama yako. Nakuomba umwambie wewe, maana mimi sina njia ya kumwambia.

Atuganile


Iringa
7 Aprili 1977

Mke wa Isakwisa,

Mimi ni baba yake. Usiitupe barua hii. Nimefikiri siku tatu. Mwiko unakataza tutazamane. Unakataza tusemezane. Wa barua haupo. Wazee wetu hawakuwa na barua. Mimi mwenyewe nimejua kuandika mwaka juzi, kwenye kisomo cha watu wazima. Kwa hiyo maneno yangu ni mafupi.

Isakwisa amenipa barua yako niisome mwenyewe. Anatazama ukuta.

Nina neno ambalo sijamwambia mtu. Mimi ndiye niliyepewa jagi. Kwetu baba hatazami uchi wa mwanawe mkubwa. Wala kinachotoka mwilini mwake. Ndiyo maana vijana wetu walijenga kijiji chao mbali na baba zao. Sista alinionyesha mistari. Nikaitikia. Lakini wakati wa kupima nilifunika ile chupa ya mkojo kwa kitambaa, nikageuza uso, nikaenda kumwaga. Jagi sikulitumia hata mara moja.

Halafu nikaandika kwenye karatasi. Niliandika 200. Kila mara 200. Ile nambari naiandika vizuri. Sista aliiona akasema, mzee una mwandiko mzuri. Nikafurahi. Nikaandika hivyo mara ya kwanza na mara ya pili. Pale penye jina la aliyepima niliweka mstari tu.

Sasa amevimba. Mkojo ni haba, nausikia kwa uzito wa chupa. Daktari anatazama karatasi, anatazama miguu, anatikisa kichwa. Anasema haelewi, mkojo mzuri namna hii. Mimi nasimama pale.

Wagonjwa wengine wanasema dawa hii ni ya wenye karatasi safi. Nikisema, watamtoa. Nisiposema, sijui.

Wewe umesoma mpaka darasa la nne. Niambie.

Andendekisye


Uyole
12 Aprili 1977

Kwako Baba uliyemzaa mume wangu,

Barua yako imefika. Nimepiga magoti kuipokea, ingawa aliyeileta ni kondakta wa basi na alinishangaa. Jina lako sitaliandika, wala sijalitamka nilipolisoma.

Baba, mwambie daktari. Leo, usingoje kesho. Akimtoa Isakwisa, amemtoa anajua alichofanya. Lakini akimpa ya tatu kwa kuamini ile 200, atamuua kwa mkono wake naye hajui. Ukishindwa kusema, mpe karatasi ya pili niliyokunja humu ndani. Nimemwandikia yeye. Nimeeleza mila yetu, nimeeleza kwamba hukufanya kwa ubaya. Nimeandika pia kwamba mimi ninajua kupima. Isakwisa alinifundisha kwa maziwa.

Nakuja Jumatano tarehe ishirini. Lakini usirudi nyumbani, Baba. Nimelifikiri sana. Nikiwa peke yangu nitapima vizuri, ila Isakwisa akikataa sindano mimi nitalia tu. Wewe atakusikia. Mwambie Sista atundike pazia katikati, kando ya kitanda. Wewe ukae upande wa mlangoni, mimi wa dirishani. Nikitaka kutoka nitakohoa, wewe utazame ukutani.

Nimekosa adabu kukupangia. Nisamehe.

Mkweo


Wodini, upande wa mlangoni
21 Aprili 1977

Mke wa Isakwisa,

Nimesikia ulivyokohoa. Nimetazama ukutani. Kaa.

Daktari nimempa karatasi yako juzi. Ameisoma kwa kusimama. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali anifokee. Amechukua kalamu, amekata mistari yote ya 200, kurasa mbili. Akasema anawaandikia walimu wake ukweli, wao wataamua kama kurasa hizo zinahesabiwa. Dawa iko kwake, hataondoa mgonjwa kwa sababu ya baba. Lakini damu ipimwe kwanza, figo zipumzike.

Akaniambia, weka jina lako pale penye aliyepima, ijulikane. Nimeweka. Lote. Herufi kumi na mbili. Linasomeka.

Andendekisye


Wodini, upande wa dirishani
23 Aprili 1977

Baba,

Shikamoo. Sista Juliana anasema amekuwa posta isiyo na stempu, na kwamba sisi Wanyakyusa tuna mambo, yaani watu wawili wanaandikiana barua na katikati ni shuka moja. Nimemwambia asituonee wivu, kwao Njombe wanagombana bila hata pazia. Amecheka mpaka mgonjwa wa pembeni ameamka.

Jina lako nimeliona kwenye karatasi. Nimelisoma kwa macho tu. Nimeandika langu chini yake.

Saa mbili asubuhi, 60. Saa nne, 45. Saa sita, 70. Ni kidogo, lakini ni kweli. Amekunywa vikombe vitatu, kimoja kimerudi. Mimi nalisoma jagi nimepiga magoti, jicho sawa na mstari. Ameniona, akasema, "Kumbe ulikuwa unasikiliza." Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu nifike.

Nywele hana. Nilipomwona nilidhani nimekosea kitanda. Halafu nikaona sikio lake. Sikulia, sijui kwa nini. Nimekunja nguo zake tu, nikazikunjua, nikazikunja tena.

Mkweo


Upande wa mlangoni
5 Mei 1977

Mke wa Isakwisa,

Uvimbe umeshuka. Daktari amesema damu imekubali. Kesho ni ya tatu, kwa kipimo kidogo kuliko zile. Isakwisa amemjibu hataki. Wewe ulikuwa bombani. Ameniambia na mimi, hataki.

Kesho nitasema naye. Nitasema kwa sauti, na wewe utakuwapo karibu. Sijui kama mwiko unavunjika. Nitasema nikitazama mlango.

Andendekisye


Upande wa dirishani
6 Mei 1977

Baba,

Naandika wakati dawa inaingia. Amelala. Amekubali.

Sauti yako sijawahi kuisikia kwa karibu. Kule nyumbani naisikia ya mbali, ukiita ng'ombe. Leo shuka lilikuwa linatikisika ukisema. Nimeinamisha kichwa, nimefunika uso kwa kanga, lakini masikio sikuyaziba. Mungu ataamua.

Uliposema, "Isakwisa, mimi nimeandika uongo mara mbili na jina langu liko pale, unataka nirudi Uyole na uongo mtupu? Nipe karatasi moja ya kweli, mwanangu," aliendelea kutazama ukuta. Nilidhani hakusikia. Halafu akatoa mkono nje ya blanketi, akaugeuza mshipa ukawa juu. Sista akaja.

Alipochomwa nilimuuliza kama inauma. Alisema hapana. Aliutazama mkono kama wa mtu mwingine.

Saa tano, 110. Saa saba, 140. Nimepima mara mbili kuhakikisha.

Mkweo


Upande wa mlangoni
28 Mei 1977

Mke wa Isakwisa,

Ya nne imeisha jana. Nimehesabu karatasi zako. Ni kumi na sita. Hakuna 200 hata moja. Nimemwonyesha mgonjwa wa pembeni.

Andendekisye


Uyole
3 Oktoba 1977

Kwako Baba,

Nyumba yako naiona kutoka hapa nilipokaa, na bado naandika. Sista Juliana angesema tumechanganyikiwa.

Jana tulirudi kutoka Iringa kwenye picha. Daktari ameiweka kwenye taa, ameweka na ile ya zamani. Punje za mtama hazipo. Nimesogea mpaka pua imegusa, hazipo. Daktari akasema tusiseme amepona. Tuseme hazionekani. Tungoje miaka miwili, ndipo aseme neno lingine. Walimu wake wamejibu, zile kurasa mbili hazikuhesabiwa, lakini za baadaye zimehesabiwa. Kwenye orodha yao wataandika mgonjwa mmoja, mwanamume, miaka ishirini na minane. Jina halitakuwapo, lake wala letu.

Nilidhani nitafurahi papo hapo. Isakwisa alisema, "Haya," akavaa shati. Ndani ya basi tulikula mahindi ya kuchoma pale Chimala, hatukuongea mpaka Uyole. Si kwa ubaya. Ni kwamba mtu hajui aanzie wapi.

Kazini wamempokea. Bwana Saulo amempa kiti akae akipima, maana miguu haijarudi. Wiki iliyopita alisimama juu ya kaa la moto hapa jikoni, mpaka nikasikia harufu.

Lakini nakuandikia kwa ajili ya Lusia. Isakwisa hamsikii, Baba. Mimi ananisikia nikipaza, ila ile sauti ya kifaranga haimfikii kabisa. Tuliporudi kutoka wodini mwezi wa sita alikuja anakimbia nyuma yake, anaita, na Isakwisa anaendelea kutembea na mzigo wake. Ameita mpaka sauti imekauka. Halafu amemshika kidole, na kidole nacho hakina habari. Mtoto akanitazama mimi. Sasa amejifunza mwenyewe. Anazunguka, anakwenda kusimama mbele yake, anangoja atazamwe. Isakwisa akimwona anachuchumaa, anamtazama midomo, anasema, "Sema, mama." Naye anasema. Sijui anasikia nini.

Niambie nimwambie nini mtoto.

Nimeacha maziwa kwenye jiwe. Ni lita moja kamili.

Mkweo


Uyole
4 Oktoba 1977

Mke wa Isakwisa,

Maziwa nimepata. Lita ni kamili. Nimeshusha jicho, nimesoma mstari mwenyewe.

Leo Isakwisa alipita hapa kwenda kazini. Nilikuwa nyuma yake. Nimemwita mara moja. Ameitika, amegeuka. Sauti yangu ni nene, ndiyo inayopita.

Mwambie Lusia kwamba sauti ya mtoto haibaki nyembamba hivyo milele. Akikua itashuka, itakuwa kama yako. Yako anaisikia. Kwa hiyo aendelee kumwita baba yake kila siku, asichoke, ipo siku itafika mahali pake.

Daktari amesema miaka miwili. Sauti ya mtoto inataka kumi. Mimi nangoja kumi.

Andendekisye